Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu nchini Uingereza: yawekeni matembezi ya mashambani katika kalenda

Kwenu waheshimiwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa jumuiya za Watanzania, Wazanzibari, Wakenya, Wakongomani na Wabarawa, na kwenu maimamu na wachungaji mnaotuongoza,

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu nyingi kwa mlio rika langu.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Kwa miaka 14 sasa nimekuwa nikikaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya mwalimu na mzazi, katika mji wa Cambridge na vitongoji vyake. Sina cheo katika jumuiya yoyote wala sigombei chochote. Nawaandikia kuomba jambo moja: kila jumuiya iweke katika kalenda yake ya mwaka matembezi mepesi ya mashambani, angalau Jumamosi nne kati ya Mei na Septemba, wazee na watoto wakitangulizwa, na gharama zake zitoke katika mfuko ule ule unaolipia kumbi za sherehe zetu.

Najua mna mizigo mizito kuliko huu. Mnachangisha fedha za kusafirisha maiti, mnahangaikia vijana wasio na karatasi za ukaazi, mnapatanisha ndoa usiku wa manane. Ombi langu linaweza kuonekana kuwa la watu waliokosa shughuli. Nawasihi mnivumilie nieleze lilikotoka.

Daktari humwambia mzee wetu atembee, nami hutafsiri. Ushauri wa serikali kwa watu wazima ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kunahesabiwa humo. Tena wenye ngozi nyeusi kama sisi hushauriwa wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku kwa mwaka mzima, kwa kuwa mwanga wa jua tunaoupata huku huenda usitutoshe. Mzee husikiliza yote hayo kwa adabu, kisha hunigeukia mimi na kuuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, nitembee wapi?” Swali hilo nimelisikia kwa lafudhi ya Mombasa, ya Lubumbashi, ya Unguja na ya Bujumbura. Kwa miaka mingi sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi nilizijua njia mbili tu, ya stesheni na ya dukani. Na hawa ni watu waliolelewa kwa miguu yao. Kisimani walikwenda kwa miguu, shambani kwa miguu, na msibani kijiji cha tatu kwa miguu. Leo wanashinda ghorofani, pazia limefungwa, miguu imevimba, wanasubiri mjukuu arudi shule.

Jibu nilikuja kulipata kwa mama yangu mzazi, aliyetoka Pemba kuja kukaa nami baada ya baba kufariki. Jumapili moja ya mwezi wa Juni nilimpeleka Wicken Fen, iliyo kaskazini-mashariki ya Cambridge, safari ya chini ya kilomita 30 kwa gari. Ni kipande kilichosalia cha kinamasi kikubwa cha maji na matete kilichotanda sehemu hii ya Uingereza kabla ya karne ya 17, watu walipoanza kukikausha kwa mifereji mikubwa ili wapate mashamba. Shirika la hifadhi la National Trust lilinunua ekari mbili za mwanzo hapo mwaka 1899 kwa pauni 10, na tangu hapo limeendelea kuongeza. Pana njia ya vibao iliyoinuliwa juu ya tope, urefu wake unazidi kilomita moja kidogo, nayo ni tambarare kiasi kwamba kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinapita bila taabu. Wasio wanachama hulipa kiingilio, na hilo ni la kuwekwa kwenye bajeti mapema.

Mama alikuwa na fimbo yake na mtandio mzito. Mwanzoni hakusema neno. Kisha akasimama pale majani marefu yanapoinamia ukingo wa njia, akashika jani moja kwa vidole viwili, akalivuta taratibu kama mtu anayepima uzi. Likamkata. Jani hilo ni la jamii ya ndago, na kingo zake zina meno madogo ya msumeno ambayo jicho haliyaoni mpaka kidole kiyaguse. Mama akalitazama tone la damu, akalifuta kwa pindo la kanga, akaniuliza: “Haya wanaezekea?” Sikujua. Mzee mmoja wa Kiingereza anayejitolea katika hifadhi ile alikuwa akipita, nikamtafsiria swali. Akajibu kwamba ndiyo, majani hayo yanakatwa hapo tangu mwaka 1414 kwa uchache, na hutumika kufunikia ukingo wa juu kabisa wa paa la nyumba, kwa kuwa yanakunjika bila kuvunjika, ilhali matete huezekewa pande za paa. Mama akamweleza jinsi makuti yanavyosukwa na kufungwa kwenye fito, kwa nini huanzwa chini kupanda juu, na baada ya masika mangapi hubadilishwa. Walisimama pale zaidi ya robo saa. Nimemtafsiria mama mbele ya madaktari mara nyingi sana, lakini siku hiyo ndiyo ya kwanza kumtafsiria akiwa anafundisha.

Waheshimiwa, nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Watu wetu wanajua mengi kuhusu maji, udongo, majani na ndege, na maarifa hayo hayapati pa kutokea ndani ya ukumbi wa kukodi wenye spika kubwa. Wajukuu wao hawajawahi kuwaona wakiwa wajuzi wa kitu chochote. Mtoto anayemwona bibi yake kila siku akishindwa kusoma barua ya halmashauri anahitaji angalau siku moja ya kumwona akitambua chemchemi kwa harufu.

Ukitoka Wicken ukafuata mifereji ya zamani kuelekea kusini, ardhi inabadilika chini ya nyayo zako. Udongo mweusi unakwisha penye kijiji cha Reach, na hapo hapo, ukingoni mwa uwanja wa nyasi wa kijiji, linaanza tuta refu linaloitwa Devil’s Dyke. Jina hilo lina neno shetani ndani yake, nami nalitaja waziwazi ili lisije likawashtua wazee siku ya safari. Ni jina tu la watu wa zamani walioshindwa kuamini kwamba binadamu ndiye aliyejenga kitu kikubwa namna ile. Lilijengwa zama za Waanglo-Saksoni, watu walioitawala nchi hii baada ya Warumi kuondoka, likaenda karibu moja kwa moja kwa kilomita 12 hivi hadi Woodditton, na pale lilipo refu zaidi, kutoka chini ya handaki hadi kileleni ni kama mita 10. Njia ya miguu inapita juu yake. Kupanda mara ya kwanza kunataka mkono wa kijana, na kiti cha magurudumu hakifai hapo, lakini ukishafika juu ni mwendo wa utulivu, mashamba ya ngano huku na huku, na katikati ya kiangazi vipepeo wa rangi ya samawati wanaruka kwenye nyasi fupi.

Tulipofika mahali sungura walipofukua, udongo ulikuwa mweupe. Mama akaokota kipande, akakisugua kwenye fimbo yake, kikaacha mstari. “Chaki hii,” akasema, na kweli ndiyo. Vilima vyote vya upande ule ni vya jiwe hilo jeupe laini, lililoumbika kwa mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini waliozama na kulundikana kwa mamilioni ya miaka, tangu zama za dinosaria, bahari ilipofunika nchi hii. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili jambo kama hilo. Nyumba zetu za mawe na misikiti yetu ya zamani imejengwa kwa matumbawe, ambayo nayo ni kazi ya viumbe wa baharini, ikapigwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Mama alikitia kile kipande mfukoni, na mpaka leo kiko dirishani jikoni kwangu.

Vilima hivi visiwatishe. Vile vya Gog Magog, kusini ya Cambridge, havifiki hata mita 80 juu ya usawa wa bahari, na mtu mwenye magoti mabovu anavimudu akipumzika njiani. Hapo Wandlebury pana boma la duara la kale lenye handaki lake, lililochimbwa karne nyingi kabla ya Warumi kufika, na ndani yake kuna kaburi la farasi dume aitwaye Godolphin Arabian, aliyekufa mwaka 1753. Yeye ni mmoja wa madume watatu waliotoka nchi za mashariki ambao kizazi chote cha farasi wa mbio wa leo kinahesabiwa kutoka kwao, na husemwa kwamba alizaliwa Yemen. Ndugu zetu wenye asili ya Hadhramaut na Oman wakipelekwa hapo watakuwa na la kuwasimulia watoto.

Nimeanza na kinamasi na kilima pamoja kwa sababu ni jambo moja. Mvua ikinyesha juu ya chaki haitiririki, bali huzama, hupenya polepole katika nyufa za jiwe, na hutokeza miguuni mwa kilima ikiwa maji safi na ya baridi. Chemchemi za Nine Wells, karibu na Great Shelford, ndizo zilizoinywesha Cambridge maji safi kwa mfereji uliokamilika mwaka 1614, na mfereji huo bado unaonekana ukitiririka kandokando ya barabara mjini. Huko Fowlmere maji ya namna hiyo yamelisha bwawa zima la matete, na wanaotoka London wanaweza kushuka treni kituo cha Shepreth wakatembea kama kilomita tatu hadi hifadhini. Kwa wale wa Peterborough, Holme Fen iko jirani. Hapo nguzo ya chuma ilizamishwa ardhini mwanzoni mwa miaka ya 1850 mpaka kichwa chake kikalingana na uso wa udongo. Kinamasi kilipokaushwa udongo ulisinyaa na kuzama, na leo nguzo hiyo imesimama wazi kiasi cha mita nne. Mpigeni mtoto picha chini yake, hatasahau maana ya kukausha kinamasi.

Wala hili si jambo la Cambridge peke yake. Watu wa mashariki ya London wana Rainham Marshes, uliokuwa uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha, ukanunuliwa na RSPB, shirika la kuhifadhi ndege wa porini, mwaka 2000; ni mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Purfleet, kando ya mto Thames. Wa Milton Keynes na Luton wana College Lake karibu na Tring, shimo la zamani la machimbo ya chaki ambalo sasa ni ziwa lenye ndege, likizungukwa na vilima vya Chiltern.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka juzi tulitoka wanawake saba, wengine na vijukuu vyao, tukafuata njia ya miguu ukingoni mwa shamba. Mtu mmoja akaja na gari la shamba, akatuambia kwamba hapo ni mali binafsi na kwamba hatuna ruhusa. Hakutukana. Lakini bibi mmoja aliyewahi kuwa mkimbizi alishikwa na mtetemo wa mikono, na sote tukageuka tukarudi tulikotoka bila neno. Nilipofika nyumbani nikafungua ramani, nikaikuta njia ile imechorwa pale pale tulipokuwa. Ilikuwa halali. Tulifukuzwa kwenye haki yetu kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yetu, mimi mkalimani nikiwemo, aliyekuwa na ujuzi wa kusema kwa upole: samahani bwana, hii ni njia ya umma.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuendelea kuwachukua majirani watatu watatu ndani ya gari langu. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, nyingi zikipita katika ardhi ya watu binafsi, na mwenye ardhi hana mamlaka ya kuzifunga. Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda haki ya mpita njia. Mkulima anayelima njia inayokatiza katikati ya shamba lake ana siku 14 za kuirudisha katika hali ya kupitika anapoivuruga mara ya kwanza katika msimu, na saa 24 kwa kila mara inayofuata. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za kipimo cha 1:25,000 njia hizo huchorwa kwa vistari vya kijani, na kwenye nguzo za mashambani mshale wa manjano maana yake ni njia ya waendao kwa miguu. Sheria ya mwaka 2000 iliongeza haki ya kutembea huru katika maeneo ya wazi yaliyoainishwa, yakiwemo malisho ya vilima vya chaki.

Haki hizo hazikushuka kama mvua. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipanda mlima wa Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya kwanza kubwa ya njia na hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949. Waliodai walikuwa watu wa vyumba vidogo na mapafu yaliyojaa moshi, na walichokipata kimeandikwa kwa ajili ya kila aliye nchini, bila kuulizwa lafudhi. Mwaka 2019 ripoti ya mwandishi Julian Glover iliyoandaliwa kwa serikali ilikiri kwamba jamii nyingi za walio wachache huona mashamba na hifadhi za nchi hii kama mahali pa watu wengine. Ripoti iliyoandikiwa serikali imeshakiri. Sisi tunangoja nini?

Nimesikia pingamizi, na yote ni ya haki. Kuna mbwa: ni kweli, wako wengi, na wenye mbwa wakiombwa kwa adabu huwafunga kamba, kiongozi wa msafara atangulie mbele aombe. Kuna kupe katika nyasi ndefu, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya soksi na kila mtu ajikague akirudi. Ng’ombe wenye ndama wazungukwe kwa mbali. Kuna tope, na tope la chaki linateleza kama sabuni. Jumuiya ikinunua jozi ishirini za gambuti za namba mbalimbali itakuwa imemaliza tatizo la miaka mingi. Njia nyingine zina ngazi za mbao za kuvukia ua ambazo bibi wa miaka 70 hawezi kuzipanda, na hapo ndipo inapotakiwa mtu akaikague njia wiki moja kabla, badala ya kuamini ramani peke yake. Wenye kuswali watahitaji mkeka na mahali pakavu, na ratiba iheshimu adhuhuri. Choo kiulizwe mapema, jambo ambalo wanaume wanaopanga safari hulisahau kila mara.

Kwa hiyo naomba kwa kutaja. Kila jumuiya iteue watu wawili, mmoja wao mwanamke, wafundishwe kusoma ramani na huduma ya kwanza. Basi la kukodi la siku moja lilipiwe na jumuiya, wazee wasitoe hata senti. Mwendo usizidi kilomita nne, na kasi iwe ya yule aliye nyuma kabisa. Watoto wapewe kazi ya kuandika majina ya Kiswahili ya kila mti, ndege na jani ambalo bibi na babu watalitambua au kulifananisha na la kwao, na orodha hiyo isomwe siku ya sherehe ya Idi au Krismasi mbele ya wote. Na njia ikikutwa imezibwa, katibu aiandikie halmashauri husika kwa jina la jumuiya, akitaja tarehe na mahali, kwa maana barua yenye muhuri wa jumuiya ina uzito ambao simu ya mtu mmoja haina.

Safari ya kwanza najitolea kuiongoza mwenyewe: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Juni, Wicken Fen asubuhi, chakula kwenye uwanja wa nyasi wa Reach, na wenye nguvu wapande tuta hadi pale mama alipookota chaki. Mabasi ya Juni huanza kushikwa mapema, basi naomba majibu yenu kabla ya mwisho wa Machi. Wengi wenu mnayo namba yangu, kwa kuwa mmewahi kuniita hospitalini usiku. Mama ameshasema vitumbua ni juu yake, anachotaka kujua ni idadi ya watu.

Wenu katika utumishi,
Mkalimani wa Kiswahili, Cambridge